Tabia ya mtu isemwe kwa maneno yanayoeleweka

Hapa Dar es Salaam, mtu anayetaka kueleza tabia ya mwenzake siku hizi hukimbilia Kiingereza. Mkimya huitwa "introvert", mwenye hasira za haraka ana "anger issues", na anayecheka leo kisha akanuna kesho huitwa "bipolar". Sipingi kukopa maneno, kwani Kiswahili kimekopa tangu enzi na enzi na kikastawi. Ninachopinga ni kumweleza mtu kwa neno ambalo anayeambiwa, na mara nyingi hata anayelisema, halielewi sawasawa.

Katika kikao kimoja cha posa huko Temeke, shangazi wa binti aliuliza kijana ana tabia gani. Rafiki wa kijana akajibu kwamba ni mtu safi, ila ana "anger issues" kidogo. Shangazi akatikisa kichwa kukubali, na mazungumzo yakahamia kwenye mahari. Laiti angeambiwa kwamba kijana ni mwepesi wa hasira, nina hakika angeuliza papo hapo: akikasirika hunyamaza, huondoka, au hupiga? Kwa binti anayekwenda kuishi na mtu huyo, hakuna swali lililokuwa zito kuliko hilo.

Wala Kiswahili hakijapungukiwa. Mwenye gubu hulalamika bila kukoma, mwenye kisirani hutafuta ugomvi pasipo sababu, na mwenye kinyongo huyaweka moyoni hata miaka ikapita. Vivyo hivyo, msiri si lazima awe mkimya, na mkimya si lazima awe na haya. Lakini "introvert", neno lililoenezwa na mwanasaikolojia Carl Jung wa Uswisi kupitia kitabu chake cha mwaka 1921, huku kwetu hubebeshwa yote matatu.

La "bipolar" ndilo linaloniumiza zaidi. Huo ni ugonjwa wa akili wenye vipindi vya uchangamfu uliopita kiasi na vya huzuni nzito, vinavyoweza kudumu kwa wiki kadhaa, na wagonjwa wake huhitaji matibabu ya hospitali. Tukizoea kumwita hivyo kila aliyebadilika uso, nahofia kwamba siku ndugu yetu atakapougua kweli tutadhani anadeka, na tutachelewa kumpeleka Muhimbili.