Kisanduku cha dini kwenye fomu ya Ujerumani

Nyumbani Tanzania wengi wanaamini kwamba Ulaya dini na serikali ziliachana zamani, kila mmoja na njia yake. Labda Ufaransa. Hapa Ujerumani ziligawana vyumba tu, na mweka hazina bado ni yuleyule.

Hilo utaliona ndani ya siku 14 za kwanza. Ukishapata chumba unakwenda kuandikisha anwani, wanaita Anmeldung, na ndani ya fomu kuna kisanduku kinachouliza dini yako. Mtu wa kwetu anajaza bila kuwaza, Mkatoliki "rk", Mlutheri "ev", kama anavyojaza jina la babu yake. Herufi hizo mbili zinafika mpaka kwa mwajiri. Mwisho wa mwezi, kwenye karatasi ya mshahara, unakuta mstari wa Kirchensteuer: kodi ya kanisa.

Ni asilimia 9 ya kodi ya mapato, si ya mshahara, na watu huchanganya sana hapo. Majimbo ya Bayern na Baden-Württemberg ni asilimia 8. Ukikatwa kodi ya euro 300 kwa mwezi, Berlin kanisa linapata 27 juu yake, München, ulio Bayern, 24. Mwanafunzi asiyefikia kiwango cha kukatwa kodi hadaiwi kitu. Serikali inakusanya, inajikatia asilimia chache kwa kazi hiyo, inayobaki inaipeleka kwa kanisa husika. Msikiti wa mtaani na kanisa la kipentekoste la Waafrika wenzetu kwa kawaida havimo kwenye mpango huu. Wao wanapitisha kikapu kama kwetu.

Na katiba yao inasema wazi kwamba hakuna kanisa la dola. Sentensi hiyo ni ya mwaka 1919, ikabebwa ndani ya katiba ya 1949 kupitia ibara ya 140. Kenya wanayo kama hiyo kwenye ibara ya 8. Tanzania, ibara ya 19 inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi, na kwa hili nasema bila haya kwamba tumewazidi Wajerumani. TRA, mamlaka yetu ya kodi, haijui kama wewe ni Mwislamu au Msabato, na haina haja ya kujua. Ndiyo, serikali yetu nayo inapeleka fedha kwenye hospitali za makanisa chini ya makubaliano ya 1992, na Waislamu wanaolalamikia makubaliano hayo wana hoja. Lakini hakuna anayekukata sadaka kwenye mshahara.

Wajanja watakushauri uandike "hakuna". Kwa Mkatoliki ushauri huo ni mbovu. Kwa kanisa lake, ubatizo wa Peramiho ni sawa na wa Köln, na uanachama unatokana na ubatizo wenyewe. Berlin ofisi ya kodi ya kanisa huwatumia watu dodoso: ulibatizwa, wapi, lini? Jibu likipingana na fomu, deni linaweza kurudi nyuma miaka. Mchezaji Luca Toni alidaiwa zaidi ya euro milioni moja namna hiyo baada ya kuichezea Bayern München. Mlutheri kutoka KKKT yuko tofauti kidogo: kwake, kinachomwingiza ni kule kujitaja kuwa "ev" mbele ya ofisi.

Kutoka kanisani kunawezekana, na ni kazi ya dakika kumi. Berlin na Nordrhein-Westfalen unakwenda mahakamani, Amtsgericht. Bayern unakwenda Standesamt, ofisi ya kuandikisha vizazi na ndoa. Unabeba pasipoti na cheti cha anwani, unasaini mbele ya karani, unalipa euro 30 hivi. Brandenburg ni bure. Nakala unayopewa iweke pamoja na cheti cha kuzaliwa, maana ukihamia jimbo jingine unaweza kuombwa uioneshe hata baada ya miaka mingi.

Ila Mkatoliki ajue kinachofuata. Kwa agizo la maaskofu wa Ujerumani la 2012, aliyetoka kwa kawaida hapokei sakramenti wala hasimamii ubatizo, na kutoka huko huandikwa kwenye daftari la ubatizo. Ukirudi kufunga ndoa Songea, paroko ataomba cheti kipya cha ubatizo, na maandishi yote ya pambizoni hutoka nacho.

Kwetu hakuna karani wa kumsainia. Bahasha ya ahadi inaacha kurudi, jumuiya, yaani Wakatoliki wa mtaani wanaosali pamoja, wanaacha kukuona Jumamosi asubuhi, na hakuna anayekuandikia barua. Siku ya msiba ndipo mwenyekiti wa jumuiya anapofika na daftari, anapekua mpaka kwenye jina la marehemu, na familia inaambiwa ilipe ahadi za miaka mitatu kabla padre hajapangiwa saa ya mazishi.