Jicho la samaki kwenye renjifainda: pingamizi lipi lina uzito?

Mtaje mpiga picha wa Kampala anayetaka kufunga lenzi ya jicho la samaki, ile pana mno inayopinda mistari, kwenye kamera ya renjifainda, na wenzake wataanza na fokasi, yaani kuweka ukali wa picha. Kamera hizi hulengwa kwa kuoanisha taswira mbili ndani ya kitazamio cha pembeni, si kupitia lenzi yenyewe. Kwenye nyingi za Leica M, renjifainda zinazojulikana sana, kitazamio hicho hakionyeshi zaidi ya upana wa lenzi ya milimita 28, ilhali lenzi ya TTArtisan ya milimita 11 inaona nyuzi 180 kona hadi kona. Utapiga kama kipofu, wanasema.

Kwa fokasi nawakatalia. Ibane lenzi hiyo hadi f/8 (tundu dogo la mwanga), iweke kwenye nusu mita, na kila kitu kuanzia robo mita hivi hadi upeo wa macho kitatoka kikali vya kutosha. Ndani ya taksi, basi dogo la abiria, inayotoka stendi ya Old Taxi Park, abiria wamebanana goti kwa goti, hata nafasi ya kulenga huna. Unainua kamera na kubonyeza. Isitoshe, Nikon walipotoa jicho la samaki la milimita 8 mwaka 1962 kwa kamera zao za kioo, zinazoakisi taswira ya lenzi hadi kwenye kitazamio, lenzi iliingia ndani mno ya kamera hadi kioo kikabidi kiinuliwe na kufungwa, na mpiga picha akachungulia kwa kitazamio cha nje. Renjifainda haina kioo cha kuzuia chochote.

Pingamizi zito ni mstari wa upeo wa macho. Mstari unaopita katikati ya picha hubaki umenyooka, lakini ukihama kidogo tu unapinda. Simama Entebbe uelekee ziwani: ukiinua kamera, Ziwa Victoria linabonyea kama bakuli, ukiinamisha, linavimba. Kitazamio hakikuonyeshi hata kimoja. Pimamaji dogo lingesaidia, ila linakaa palepale juu ya kamera panapotakiwa kitazamio cha nje. Chagua moja! Wenye nyingi kati ya Leica za dijitali kuanzia ile M ya 2012 wanaona picha kwenye skrini, kwa hiyo hili haliwahusu sana. Wa filamu ndio wanaoumia, maana kosa wanalikuta baada ya kusafisha filamu.

Mbadala wa kawaida ni Voigtländer ya milimita 15, iliyotoka 1999, ambayo hunyoosha mistari. Kwa majengo ya Kampala Road ningeichukua hiyo bila kusita. Lakini mweke mtu pembeni mwa picha yake, na kichwa kinavutwa kama mpira. Jicho la samaki hupinda kuta lakini nyuso huziacha karibu na umbo lake. Ndiyo maana kwenye taksi, au kwenye hema la arusi lililofurika, naliona ndilo bora. Kuba la msikiti wa Gaddafi pia linalifaa, mradi ulenge katikati kabisa, kwa kuwa duara lililo katikati hubaki duara.

Kwa kamera ya filamu, basi, jicho la samaki nisingelinunua kwa ajili ya mandhari. Na vidole uvirudishe nyuma, kwani kwa nyuzi 180 vitaingia kwenye picha bila wewe kuviona.