Kumfuata mwenzi kwenye kambi ya mafuta: hesabu ambayo barua ya ajira haiifanyi

Barua ya ajira ya kampuni ya mafuta katika Mkoa wa Mashariki wa Saudi Arabia husomwa haraka: mshahara, nyumba, shule ya watoto, tiketi za likizo. Mwenzi wa ndoa hutajwa kwenye fungu la wategemezi, basi. Hapo ndipo mjadala unapoanza nyumbani, iwe Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam. Mke aache kazi ya benki au ualimu amfuate mumewe jangwani? Au abaki na watoto, mwenye kazi awe anakuja likizo? Siku hizi wapo pia waume wanaowafuata wake zao madaktari na wahandisi, na hesabu yao ni ileile.

Wanaosema "nenda" husifu bwawa la kuogelea na shule. Wanaosema "baki" hutaja joto na upweke. Kila upande una ukweli wake, lakini yote hayo ni ya juujuu. Zito kuliko yote ni kwamba kambini, yaani kwenye mji wa kampuni uliozungushiwa ua, kibali cha kuishi, nyumba, shule, matibabu na hata ruhusa ya kupanda ndege vinaning'inia kwenye mkataba wa mtu mmoja. Anayekwenda bila kulipima hilo anaweza kuishi vizuri miaka mitano, kisha akapoteza kila kitu ndani ya miezi miwili.

Maisha haya yana historia ndefu. Wake wa kwanza wa wafanyakazi wa Kimarekani walifika Dhahran mwaka 1937, kabla Kisima Na. 7 cha Dammam hakijaanza kutoa mafuta kwa wingi, Machi 1938. Baadaye kambi zikaongezeka: Ras Tanura ufukweni, Abqaiq bara, na Udhailiyah iliyojitenga kusini, juu ya uwanja mkubwa wa mafuta wa Ghawar, ambako mji mkubwa wa kwenda sokoni ni Hofuf. Ndani ya ua kulikuwa na bustani na viyoyozi. Wafanyakazi Wasaudi waliishi pembeni katika makazi duni, na malalamiko hayo yalikuwamo katika mgomo mkubwa wa 1953. Mtanzania anayeijua Mwadui, mji wa almasi alioanza kuujenga mjiolojia Mkanada Williamson mwaka 1940 ukawa na hospitali, shule na maduka yake, haoni jipya hapo. Kampuni ikichimba mbali na watu hujenga kota, na mwenye kota huwa ndiye mwajiri.

Tuanze na mema, kwa sababu ni mengi na si ya kudharau. Mzazi anayefanya kazi ofisi za kambini yuko mezani robo saa baada ya kutoka kazini. Huko Nairobi saa mbili nzima huishia barabarani. Watoto huendesha baiskeli hadi shuleni bila mtu wa kuwasindikiza. Bomba likivuja au kiyoyozi kikigoma, unapiga simu idara ya matengenezo na fundi anakuja, bila ugomvi na mwenye nyumba. Wanawake waliendesha magari ndani ya kambi kwa miongo mingi kabla ya marufuku ya nchi kuondolewa tarehe 24 Juni 2018. Mshahara haukatwi kodi ya mapato Saudia. Kwa familia yenye watoto wa chini ya miaka 12, sioni mji wa Afrika Mashariki unaowapa utoto mtulivu kuliko huo kwa kiwango hicho cha gharama.

Kazi za nyumbani zina ufundi wake, na wengi hushindwa miezi mitatu ya kwanza kwa kukosa kuujua. Kati ya Juni na Agosti joto la mchana hupita nyuzi 45, kwa hiyo ratiba yote hugeuzwa: soko na bustani kabla ya saa mbili asubuhi, watoto nje baada ya magharibi. Upepo wa shamal ukivuma, vumbi laini kama unga hupenya chini ya milango. Dawa yake ni mpira wa kuziba pengo la mlango, au taulo lenye unyevu likikosekana, na kuosha kichujio cha kiyoyozi kila wiki mbili. Kisipooshwa, barafu huganda kwenye mabomba ya ndani, maji yanaanza kudondoka ukutani na chumba hakipoi.

Chakula kinataka mpango wa mwezi. Duka la kambini lina maziwa, mboga na nyama, ila uchaguzi ni mdogo kadiri kambi inavyokuwa mbali. Safari ya mjini hufanywa mara moja au mbili kwa mwezi, na kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 15. Unga wa sembe unaobebwa kutoka nyumbani uwekwe kwenye friza siku nne kabla ya kuhifadhiwa ndani ya ndoo ya mfuniko unaobana. Bila hivyo mayai ya wadudu yaliyomo huanguliwa kwa joto na gunia zima linaharibika. Dawa zenye kodeini au tramadoli zisitiwe mkobani bila cheti cha daktari na kibali cha kuziingiza. Na miraa, ambayo kwa Mkenya ni zao la kawaida, kule ni dawa ya kulevya yenye kesi ya jinai. Hili lisemwe mapema kwa kila mgeni atakayekuja kutembea.

Sasa upande wa pili, nao uanze na karatasi. Iqama, yaani kibali cha kuishi, ya mtegemezi imeandikwa kwamba mwenye nayo haruhusiwi kufanya kazi. Ajeer, mfumo wa serikali wa vibali vya kazi za muda, umefungua mlango kidogo, hasa kwa walimu katika shule binafsi, lakini shule hizo ziko mijini. Aliye Udhailiyah anabakiwa na nafasi chache za muda ndani ya kambi, kama kusaidia darasani au maktaba, na zinagombewa. Kwa hiyo kwa mwenzi mwenye taaluma, kwenda kambini maana yake ni kusimamisha kazi. Muuguzi lazima alipie leseni yake nyumbani na kutimiza masomo ya kujiendeleza hata kama hagusi mgonjwa. Mwalimu wa serikali apate likizo bila malipo kwa maandishi, kwani kuondoka kimya kimya huhesabiwa utoro kazini. Gharama ya hayo ni ya familia nzima. Si haki imwangukie yule aliyeacha mshahara wake.

Kuna pia ada ya wategemezi inayotozwa na serikali. Ilianza Julai 2017 kwa riyali 100 kwa mwezi kwa kila mtegemezi, ikapandishwa kila mwaka hadi riyali 400 mwaka 2020. Mke na watoto watatu ni riyali 1,600 kwa mwezi, yaani 19,200 kwa mwaka, sawa na dola 5,120. Hulipwa kwa pamoja wakati wa kuomba au kuhuisha iqama. Waajiri wengine huibeba, wengine humwachia mfanyakazi. Swali hili liulizwe kabla ya kutia sahihi, na jibu liwe ndani ya mkataba. Ahadi ya simu kutoka kwa afisa wa ajira haina kazi.

Ruhusa ya kusafiri ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi. Mtegemezi akitaka kwenda kumuuguza mama yake Tanga, kibali cha kutoka na kurudi huombwa na mkuu wa familia kupitia Absher, mfumo wa serikali wa mtandaoni: riyali 200 kwa miezi miwili, na 100 kwa kila mwezi unaoongezeka. Ndoa ikiwa na amani, ni dakika tano za simu. Ikivurugika, dakika hizo tano zinakuwa silaha. Wapo watakaosema mwenzi mwema hatafanya hivyo, nami nakubali kwamba wengi hawafanyi. Lakini ulinzi wa mtu mzima hautakiwi kutegemea hali ya moyo wa mwenzake siku hiyo. Kibali cha safari nyingi kilichokwisha kuhuishwa, tiketi yenye tarehe inayobadilika, na pasipoti anayoitunza mwenyewe ni vitu vya kuwa navyo wakati kila mtu bado anacheka.

Kuhusu shule, hoja ya "nenda" ina nguvu hadi mahali fulani, kisha inakatika. Shule za kampuni kwa miaka mingi zimefundisha mtaala wa Kimarekani hadi darasa la tisa. Baada ya hapo mtoto wa miaka 14 au 15 hupelekwa bweni nchi nyingine, kampuni ikichangia ada. Familia iliyohama ili ikae pamoja inatawanyika tena. Anayepanga kumrudisha mtoto Tanzania ajue kwamba matokeo ya mtaala wa nje huombewa ulinganifu NECTA, baraza la mitihani la huko, na Kenya hushughulikiwa na KNEC. Atunze ripoti za kila muhula na maelezo ya masomo yaliyofundishwa, kwa sababu cheti cha mwisho peke yake huzua maswali. Kiswahili nacho hakijisomeshi. Mtoto aliyeondoka na miaka minne, akasoma na kucheza kwa Kiingereza, husahau kusoma Kiswahili hata kama anakielewa kikisemwa. Nusu saa ya kusoma kwa sauti kila siku, na simu za video na babu na bibi bila kumtafsiria, huzuia hilo.

Matibabu yapimwe kwa umbali zaidi ya ubora. Zahanati ya kambi ya mbali inamudu homa, chanjo, jeraha la kushonwa. Uzazi wenye matatizo, upasuaji na mtoto njiti vinahitaji hospitali kubwa ya Dhahran au ya mjini. Mjamzito aulize mapema: gari la wagonjwa lipo saa 24? Usiku daktari yupo kambini au yuko kwa simu tu? Anayetaka kujifungulia nyumbani asafiri kabla ya wiki ya 36, maana baada ya hapo mashirika mengi ya ndege humzuia.

Jamii ya kambini ni ndogo, na nyumba hugawiwa kwa cheo, kwa hiyo mtaa unaokaa unatangaza daraja la mwenye kazi kabla hujafungua mdomo. Swali la kwanza kwa mwenzi mgeni ni "mumeo yuko idara gani?" Wanaotumikia vituo vya visimani hutoweka kwa zamu za wiki nzima au mbili, na marafiki huondoka mikataba ikiisha, mara nyingi katikati ya mwaka wa shule. Vikundi vya michezo, ufinyanzi, kupanda farasi na lugha husaidia kweli, hasa kwa anayejiunga ndani ya mwezi wa kwanza. Anayengoja "kuzoea kwanza" hukuta makundi yameshajifunga. Upweke huu nauona ni mzito lakini unatibika. Kukosa kipato chako ni shida nyingine, na chai ya asubuhi na majirani haiitibu.

Mara nyingi Kiswahili kinachosikika kambini ni cha dada wa Kikenya au Kiganda anayefanya kazi za ndani. Mwenzi kutoka Afrika Mashariki huwa karibu naye kwa lugha na mbali naye kwa hali, na ana wajibu wa pekee: anaelewa anachoambiwa jikoni. Ajira ya ndani ipite Musaned, mfumo rasmi wa serikali wa ajira hizo, mshahara uingie benki, apate siku ya mapumziko kila wiki, na pasipoti yake abaki nayo mwenyewe, kwani kuishika ni kosa kisheria. Anayelalamika kwamba kibali chake kiko mikononi mwa mwingine hawezi kufanya hilohilo kwa mtu wa nyumbani kwao.

Usalama hutajwa na pande zote mbili. Walinzi, vizuizi na kuta ni vya kweli, na vilizidishwa baada ya mashambulizi ya makazi ya wageni mjini Riyadh tarehe 12 Mei 2003 na Khobar tarehe 29 Mei 2004. Lakini ua hauzuii kila kitu: mitambo ya Abqaiq ilishambuliwa kutoka angani tarehe 14 Septemba 2019. Kila nyumba iwe na mkoba mmoja wenye pasipoti, nakala za iqama, vyeti vya kuzaliwa, dawa za wiki mbili na fedha taslimu, na mwenzi ajue kuendesha gari na njia ya kutoka hata kama mwenye kazi yuko zamu.

Maoni yangu, basi, ni haya. Familia yenye watoto wadogo, mkataba wa miaka miwili hadi minne, na mwenzi ambaye taaluma yake inavumilia pengo hilo, iende, itafaidi. Wenye watoto waliokaribia miaka 14, au mwenzi aliyebakiza mwaka mmoja kupata cheo au shahada, wakae mbali kidogo kwa muda, kwa kukubaliana. Na ndoa iliyokwisha kuyumba isipelekwe jangwani kutafuta dawa, kwa kuwa hakuna shangazi wala mshenga wa kuitwa usiku.

Wanaokwenda waandikiane kabla ya ndege. Cheti cha ndoa kihakikiwe RITA, wakala wa usajili, kwa Watanzania, kisha Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa Saudia. Nakala mbili zibaki kwa ndugu. Nyumbani ifunguliwe akaunti ya jina la mwenzi peke yake, na kiasi cha kudumu kiingie kila mwezi siku ya mshahara, kikikokotolewa kwa ule mshahara alioacha wala si kwa "matumizi". Michango yake ya hiari NSSF iendelee. Kiwanja kikinunuliwa, hati iwe na majina mawili. Mkataba wa kazi usomwe kipengele cha kuachishwa na cha kifo: siku ngapi za kukaa kwenye nyumba, nani analipa mizigo na tiketi, ada ya shule ya muhula uliobaki ni ya nani. Viza ya kuondoka bila kurudi ina uhai usiozidi siku 60, na ndani ya siku hizo gari linatakiwa liuzwe, akaunti zifungwe, watoto wapewe barua za uhamisho na nyumba ikabidhiwe ikaguliwe. Kwa hiyo akiba ya miezi sita ya kodi ya nyumba na karo ikae nyumbani, kwa shilingi, mahali ambapo mwenzi anaweza kuichukua kwa sahihi yake mwenyewe.