Chenga, pasi na mtoto asiyefungua mdomo

Jioni ukipita kwenye viwanja vya mchangani vya Dodoma, Nkuhungu au Chang'ombe, sauti inayotawala ni moja tu, ya kocha: "Toa! Toa mpira!" Mtoto aliyekuwa anakokota anaachia kwa pupa, mpira unadunda kwenye ardhi ngumu, mwenzake anashindwa kuutuliza, unatoka nje. Kocha anashika kichwa. Nani kakosea hapo?

Wapo makocha wanaoamini kuwa mtoto wa miaka 9 au 10 afundishwe pasi kwanza, na hoja yao ina uzito. Watoto 30 wanafika mazoezini na mipira haizidi mitatu. Mwenye kipaji cha chenga akiachiwa, wenzake wanageuka watazamaji, na wengine hawarudi kesho. Historia pia iko upande wao. Katika mechi ya kwanza ya kimataifa, Glasgow, tarehe 30 Novemba 1872, Waingereza walicheza kwa kukokota, kila mmoja mpaka anyang'anywe. Waskoti, wote 11 wa klabu moja ya Queen's Park na wenye miili midogo, walijibu kwa kupasiana. Ikaisha 0-0, lakini mtindo wa kupasiana ndio ulioenea baadaye.

Upande wa pili unasema chenga ni ya utotoni. Aliyezomewa kila alipojaribu kumpita mtu, ukubwani atapokea mpira huku mbele yake kuna beki mmoja tu, na bado ataurudisha nyuma. Tunao wengi wa aina hiyo. Tena mazingira ya Dodoma yanaitetea chenga kuliko watu wanavyokubali. Kiangazi, uwanja usio na nyasi unakuwa mgumu kama sakafu, na upepo nao una nguvu. Pasi ya mita 15 inarukaruka njia nzima. Kumdai mtoto acheze kwa mguso mmoja hapo ni kumwonea. Kwa upande mwingine, mpira wa makaratasi na soksi, ambao haudundi, unamfaa sana anayejifunza kukokota, na kila mtoto anaweza kuja na wa kwake. Udhaifu wake ni kwamba haumfundishi kupima nguvu ya pasi. Kwa hilo lazima mpira halisi.

Mimi nauegemea upande wa chenga mpaka umri wa miaka 11 hivi, kwa sharti moja: wakokote wakielekea goli la wapinzani, si mbele ya kipa wao. Pasi ziingie taratibu, kwa wanne kupasiana wakimzungusha mmoja anayeuwania mpira katikati, ndani ya mraba wa mita 8 uliowekewa chupa za maji kwenye kona.

Hata hivyo, naona ubishi huu unatupotezea jambo kubwa zaidi. Mwenye mpira, awe anataka kupiga chenga au kutoa pasi, macho yake yako chini. Hajui nani yuko nyuma yake. Anayejua ni mwenzake, na mwenzake amenyamaza. Neno "Mtu!" lingemwambia alinde mpira, "Geuka!" lingemwambia ana nafasi, jina lake tu likiitwa kutoka kulia lingempa pa kutolea. Bila hayo anabahatisha, kisha tunamwita mbinafsi.

Ukimya huu una mizizi. Watoto wetu wanacheza rika mchanganyiko, na mdogo kalelewa kutompandishia sauti kaka yake. Beki wa miaka 10 atamwamuruje kiungo wa miaka 13, "Rudi, kaba huyo"? Kwake huo ni utovu wa adabu. Malezi hayo ni mema na sitaki yavunjwe. Kocha ndiye anayepaswa kusema waziwazi, wote wakisikia, kwamba ndani ya mistari kumwelekeza mkubwa ni kumsaidia, na mkubwa akikasirika atoke yeye. Maneno yawe machache, yale yale kila siku. Kuna zoezi linalofanya kazi kuliko hotuba: dakika 5 wacheze bila mtu kufungua mdomo, kisha dakika 5 waruhusiwe kusema. Watajionea tofauti wenyewe.

Kuna wanaoogopa kwamba kelele zitageuka ujanja, mtu amwambie mpinzani "Acha!" ili auachie mpira. Sheria ya 12 ya soka imeshalimaliza hilo: kumvuruga mpinzani kwa maneno ni kadi ya njano, na mchezo ukisimamishwa kwa kosa hilo, timu ya aliyevurugwa inapewa faulo isiyo ya moja kwa moja, yaani goli halihesabiwi mpaka mpira uguswe na mchezaji mwingine. Wafundishwe na hilo mapema.

Lakini hakuna mtoto atakayesikika iwapo kocha anaongea dakika zote. Anayepiga kelele "Toa!" kutoka pembeni anamnyang'anya mchezaji uamuzi, na anamnyang'anya mwenzake nafasi ya kuwa jicho lake la nyuma. Akae chini nusu saa. Aliyoyaona ayaseme wakati wa kunywa maji.