Paulo alilikuta neno tayari

Ndugu mwandishi, makala nimeisoma yote, ila hapo unaposema Paulo ndiye aliyebuni imani kwamba Yesu ni Bwana, hapana. Fungua 1 Wakorintho 16:22. Barua nzima ni ya Kigiriki, wasomaji ni watu wa Korintho, mara linachomoza neno la Kiaramu, lugha ya Yesu na wanafunzi wake: Maranatha, yaani Bwana wetu, njoo. Na wala hawatafsirii! Walishalizoea kama sisi na amina. Lilitoka wapi, kama si kwa Wayahudi wafuasi wa Yesu waliolisali kabla ya Paulo? Paulo mwenyewe anaandika kwa Wagalatia kuwa alikaa kwa Kefa, yaani Petro, siku 15, akamwona pia Yakobo ndugu yake Bwana (huyo ambaye Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa wakati huo, anasema alipigwa mawe, kama mwaka 62 hivi). Nao wafuasi hao wa kwanza hawakujiona wamehama dini. Petro na Yohana walipanda hekaluni saa tisa, saa ya sala, kama Wayahudi wengine. La mataifa, yaani wasio Wayahudi, kuingia bila tohara, hapo nakupa haki yako, Paulo alilipigania kweli. Lakini hata ugomvi wake na Petro kule Antiokia ulikuwa nani akae meza moja na nani, si Yesu ni nani.