Siku niliyofungua mashine ya kusaga

Mimi si fundi. Naliweka hili mapema kwa sababu hapa mtaani Isevya, Tabora, kuna watu mpaka leo wakiniona wananiita "fundi" halafu wanacheka, na mimi naitika tu, nifanyeje sasa.

Nina Volkswagen ya mwaka 1968, ile ya mgongo wa kobe, injini 1300 iko nyuma, haina rejeta wala tone la maji, inapozwa na feni tu. Niliirithi kwa baba mdogo, alikuwa mwalimu, na mwenyewe aliniambia kabla hajafa kwamba tapeti zake, yaani zile nafasi ndogo za valvu, zinataka kupangwa mara kwa mara, usisubiri ipige kelele. Kila mara nilikuwa nampelekea fundi wangu mmoja mzee, sasa wiki hiyo fundi kaenda porini Sikonge kurina asali, simu haipatikani, na Jumapili nimeahidi kumpeleka baba mkwe stesheni apande treni ya Kigoma. Gari ilikuwa imeanza kutoa kamlio kadogo, tik tik, basi. Mtu mwingine angeacha. Lakini baba mkwe wangu ni mstaafu wa karakana ya reli, ametengeneza injini tangu enzi za East African Railways, yule mzee anaweza kukaa barazani akakwambia pikipiki inayopita plagi yake chafu. Nikasema hapana, hawezi kupanda gari langu akasikia tik tik.

Nikaingia kwenye simu kusoma. Ikaonekana kazi nyepesi kabisa! Injini iwe baridi, yaani ilale usiku mzima, unafungua kava za tapeti chini huku na huku, unazungusha injini mpaka silinda husika ifike juu valvu zake zimefunga, unapitisha fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, katikati ya valvu na roka, ule mkono unaoisukuma, nafasi iwe milimita 0.15, unakaza nati ya 13. Valvu nane. Kitu gani hapo.

Tatizo sina fila geji. Mzee anayo. Kumwomba siwezi, si nitakuwa nimejitangaza? Nikamtuma mke wangu, Jumamosi akaenda kumsalimia baba yake akarudi nayo kwenye kapu chini ya mchicha. Geji ya zamani hiyo, vibati vimeshikana kama pakiti ya wembe, maandishi ya kwenye ganda yamefutika yote, zimebaki namba tu kwenye vibati. Nikapekua pekua, nikaikuta 15. Nikafurahi kama nimeokota hela.

Jumapili saa kumi na moja alfajiri niko chini ya gari, chini ya mwembe, mwanangu Neema kashika tochi. Umeme ulikuwa umekatika tangu Ijumaa kwa hiyo mtaa mzima kimya, kiza, ni mimi na mbu. Kufungua kava ya kwanza oili ikanitiririkia shingoni mpaka ndani ya fulana. Halafu likaja suala la kulia na kushoto. Wanasema silinda namba moja ni ya kulia mbele, namba mbili iko nyuma yake, tatu kushoto mbele, nne nyuma yake. Sawa, kulia kwa nani? Mimi nimelala chali kichwa kiko kwenye bampa ya nyuma, miguu inaelekea barabarani, kulia kwangu si kulia kwa gari. Nikaanza na namba tatu nikidhani ni moja, nashangaa roka zimekaza hazicheki, nikamwambia Neema gari hili liliharibiwa zamani na watu. Kumbe. Nikatoka, nikasimama nyuma ya gari nikaangalia linakoelekea kama dereva, nikanyoosha mkono wa kulia kama mtoto wa chekechea, ndiyo nikaelewa. Na katikati ya hapo embe likaanguka bodini, puu, nikainuka kwa kushtuka nikapiga paji la uso kwenye ekzosi.

Ila nilifika. Nafungua kofia ya distribyuta, naangalia rota, nashika puli ya jenereta kwa spana ya 21 narudisha injini nusu mzunguko, silinda moja, mbili, tatu, nne, kibati cha 15 kinapita kwa kubana kidogo kama kinavyotakiwa, bisibisi naishikilia huku nakaza nati isizunguke nayo. Nane zote. Nikafunga kava na gasketi mpya, nikanawa, nikawasha.

TAKA TAKA TAKA TAKA TAKA.

Nikasema ah, oili haijapanda. Nikaiacha iungurume dakika tano. Taka taka. Dakika kumi. Mke wangu kasimama mlangoni kashika kiuno haongei kitu. Nikamwambia inajizoesha.

Mara hodi getini, mama mmoja simjui, ana debe la mahindi kichwani, jasho linamtoka. "Mwangaluka, baba. Jamani Mungu mkubwa, tangu juzi nazunguka mashine zote umeme hamna, nimesikia ya kwenu toka kule barabarani nikasema afadhali wamefungua ya dizeli. Kwa debe mnachukua bei gani?"

Nilishindwa kujibu. Mke wangu ndiye aliyemjibu, na alimjibu kwa kukaa chini.

Muda umeenda, mzee anasubiri. Nikaenda kumchukua na taka taka yangu hivyo hivyo, watoto wanakimbia nyuma, na gari nguvu hamna, nakanyaga inaitika kwa mdomo tu. Shikamoo baba, marahaba, akaingia, akaweka mfuko wake mapajani. Kimya. Nikaongea habari za mvua, kimya. Nikaongea bei ya embe, kimya. Mpaka stesheni, nimezima, ndiyo akanigeukia taratibu:

"Mkwe, geji yangu iko wapi?"

Dah. Nilitamani nipande mimi hiyo treni.

"Zote nane zinapiga sawasawa," akasema. "Ikipiga moja au mbili, hiyo gari imechoka. Zikipiga nane kwa pamoja, hapo ameingia mtu. Uliweka ngapi?"

"Kumi na tano baba, kama ilivyoandikwa."

Akacheka, mzee wangu huyu ambaye sijawahi kumwona meno toka nimtolee mahari. Kumbe geji yenyewe ni ya inchi, ya enzi za Mwingereza. Ile 15 ni thau kumi na tano, yaani sehemu kumi na tano kati ya elfu za inchi, na ukigeuza ni karibu milimita 0.38, mara mbili na nusu ya iliyotakiwa. Kibati changu kilitakiwa kuwa namba 6. Valvu zilikuwa zinachelewa kufunguka na hazifunguki zikatosha, ndiyo maana nguvu ilikata. "Na shukuru umelegeza," akaniambia. "Ungebana usingesikia kitu, ungejisifia kote, kumbe valvu inaungua kimya kimya, tena ya moshi ya namba tatu ndiyo ingetangulia, ile haipati upepo vizuri, oili kula, kile kipoza oili, imeziba pale."

Nikamuuliza kama tuipange hapo hapo maana treni ilikuwa bado. Akaniangalia tu. Injini ya moto! Nikarudi nyumbani na taka taka yangu.

Jumatatu alfajiri nikarudi chini ya mwembe, kibati namba 6, safari hii nilichora mshale kwa chaki kwenye bampa, KULIA. Nikawasha, ikanguruma laini mpaka Neema akauliza imewaka au bado.

Saa mbili hivi yule mama akapita, debe kichwani, na nyuma yake wenzake wawili na madebe yao. Akasimama getini akatega sikio.

"Mmeshafunga?"