Uzamili wa afya ya mifupa kwa masafa: kichwa kinajua, mkono je?

Anayepimwa nyonga kwa mashine ya DXA, ile ya eksirei inayopima wingi wa madini kwenye mifupa, hugeuziwa mguu kwa ndani nyuzi 15 hadi 25, kisha mguu hufungwa usirudi. Usipogeuzwa vya kutosha, shingo ya paja huonekana fupi pichani na kipimo hupanda; mwenye mifupa dhaifu anarudi nyumbani akiambiwa yuko salama. Kulitambua kosa hilo kunafundishika kwa intaneti: kinundu cha upande wa ndani wa paja kinachomoza kupita kiasi. Kuliepuka, huku mgonjwa anaumwa na hataki mguu wake uguswe, ni kazi nyingine.

Ubishi kuhusu kozi hizi za uzamili za mtandaoni, kama zile za vyuo vya Uingereza, uko hapo.

Wanaozitetea wana hoja nzito, maana sehemu kubwa ya fani hii ni uamuzi. Chukua mama wa miaka 70: alama yake ya T, inayolinganisha mfupa wake na wa kijana mwenye afya, kwenye pingili za kiuno ni -1.3, kwenye nyonga ni -2.7. Mpaka uliowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994 ni -2.5; kuanzia hapo kushuka, mifupa inahesabiwa dhaifu. Kwa nini kiuno kionekane kizima? Aliyefundwa hurudi kwenye picha na kukuta pingili moja imebonyea: madini yale yale yamebanwa kwenye eneo dogo, namba ikapanda ilhali mfupa umeshavunjika. Anaitoa pingili hiyo kwenye hesabu. Halafu, kama imevunjika bila ajali, anajua mgonjwa anastahili kuzungumziwa tiba hata namba ingekuwa nzuri.

Dawa nazo ni hivyo hivyo. Dripu ya zoledroniki, dawa ya kuzuia mifupa isizidi kudhoofika, miligramu 5 kwa mwaka, haipitishwi chini ya dakika 15, wala haipewi mtu ambaye figo zake zinasafisha chini ya mililita 35 kwa dakika; upungufu wa kalisi na vitamini D hurekebishwa kwanza. Sindano ya denosumabu, dawa ya kazi hiyo hiyo, ni kila miezi 6, na ikicheleweshwa pingili zinaweza kuvunjika mfululizo. Mambo haya muuguzi, mfamasia na mpiga picha za eksirei wakiyajadili pamoja mtandaoni hufaidika kuliko kila mmoja angekaa na wa kada yake.

Upande wa pili una hoja ambayo vyuo huipitia haraka. Sheria ya mionzi ya tiba ya Uingereza ya 2017 yenyewe inamtaka anayeendesha mashine awe na nadharia na mazoezi. Cheti cha masafa peke yake hakitoshi.

Kuna na kipimo cha usahihi. Ili ajue vipimo vyake hutofautiana kiasi gani vyenyewe, mpimaji hupima wagonjwa 30 mara mbili mbili, na kati ya vipimo mgonjwa lazima ashuke kitandani. Wavivu humwacha amelala: kosa linatoka dogo, la kujisifia, na baadaye kila badiliko dogo linasomwa kama mfupa umepona au umezidi kudhoofika. Asiye na mashine atafanya hesabu hizo kwa namba za kupewa, akapata alama nzuri, asijue kilichomponyoka.

FRAX, kikokotoo cha uwezekano wa kuvunjika mfupa kilichotoka Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, mwaka 2008, kinaweza kutumika bila DXA kwa wenye miaka 40 hadi 90, na kwa vituo visivyo na mashine hilo ni jambo kubwa. Ila hesabu yake hutofautiana nchi kwa nchi. Ukiazima ya nchi nyingine, umeazima pia kasi yao ya kuvunjika na ya kufa.

Muda ndio huwaangusha wengi. Moduli ya krediti 20 ni saa 200. Kwa wiki 12, karibu saa 17 kila wiki. Kipindi kinachoanza saa moja jioni London ni saa tatu usiku Nairobi, na majira yao ya baridi yakiingia kinakuwa saa nne, baada ya zamu.

Kwa maoni yetu, ichukuliwe kozi inayodai msimamizi kazini kwako anayetia saini mazoezi uliyofanya, tena uanze na moduli moja. Isiyodai hivyo inamfaa anayeandika dawa zaidi ya anayempanga mgonjwa kitandani. Na kama kazi ya mwisho ni ukaguzi wa huduma, ombi la kutumia takwimu za hospitali lipelekwe kabla masomo hayajaanza. Kibali hucheleweshwa, tarehe ya kukusanya kazi haisogei.